Kuunda mlinganyo kutokana na mizizi yake: ufafanuzi kwa watahiniwa na wazazi

Tangu karatasi za mtihani wa utamilifu zirudishwe shuleni, dawati letu la taaluma hapa Mwanza limepokea malalamiko, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, kwamba mtoto alipata jibu lakini akanyimwa alama. Tumezipitia karatasi hizo kwa nia njema, na nyingi hazikuwa na jibu sahihi.

Mtahiniwa mmoja alipewa mizizi 2, 3 na −1 (yaani thamani za x zinazotimiza mlinganyo) aunde mlinganyo wake, akaandika x³ + 4x² + x − 6 = 0. Tarakimu zote ni zenyewe, ila alichukua jumla ya mizizi, 4, na zao lake (jibu la kuizidisha), −6, akazipachika kama zilivyo. Kanuni ya kuunda mlinganyo kwa jumla na mazao ya mizizi, inayohusishwa na François Viète, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 16, hugeuza alama (+ au −) ya jumla. Jumla ya mazao ya mizizi miwili miwili hubaki ilivyo, na zao la mizizi yote mitatu hugeuzwa alama tena. Mlinganyo ni x³ − 4x² + x + 6 = 0.

Asiyeiamini kumbukumbu yake afuate mabano. Aandike (x − 2)(x − 3)(x + 1) = 0, afungue mawili ya kwanza apate x² − 5x + 6, azidishe kwa (x + 1), akusanye vipeo vinavyofanana, kisha aweke kila mzizi mahali pa x kuhakiki kwamba anapata sifuri. Hatua iliyorukwa haina alama. Aliyesahau "= 0" ameandika polinomia, si mlinganyo, na alama ya mwisho hukatwa; hilo tumelisema kila mwaka.

Kwa upande mwingine, aliyeandika 2x³ − 8x² + 2x + 12 = 0 hajakosea, kwa kuwa mizizi ni ileile, na swali halikutaja kizigeu cha x³, yaani namba inayoizidisha x³. Wasahihishaji waliomkata wameelekezwa kurekebisha. Vilevile, swali likitoa mzizi 2 + i pekee (i ni kipeuo cha pili cha −1) na kusema vizigeu ni namba halisi, 2 − i nao ni mzizi hata kama haukuandikwa, na mlinganyo wa kipeo cha pili unaopatikana ni x² − 4x + 5 = 0. Hakuna kilichofichwa hapo.

Maombi ya kupitia upya karatasi yaletwe kwa barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, ikiambatana na karatasi halisi wala si picha ya simu, na itaje namba ya swali na hatua inayolalamikiwa. Simu za usiku kwa wasahihishaji hazitashughulikiwa.