Kusamehewa si kufutiwa deni la jirani

Wenye mashaka hupenda kuuliza: kama Mungu wa Wakristo husamehe yote, si mtu aibe Jumamosi, atubu Jumapili, kisha alale usingizi mnono? Swali ni halali, ila linashambulia fundisho ambalo makanisa makubwa hayalitoi. Katika Luka 19, Zakayo mtoza ushuru anaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, yaani kitabu cha mafundisho yake, inasema wazi kwamba ondoleo (msamaha unaotolewa na padri katika kitubio) hufuta dhambi lakini halitengenezi madhara yote. Cha wizi kirudishwe. (Waumini wanaomsahau waliyemwibia wapo tele, hilo sibishi.) Daudi naye, katika 2 Samweli 12, anaambiwa amesamehewa, na papo hapo anatangaziwa msiba.