Riteni: mpira unaorudisha dizeli kwenye tangi

Ukimpelekea fundi pikapu ya petroli aitie injini ya dizeli, mazungumzo yote huwa ya injini: itakaaje, giaboksi itaingiana nayo au la, rejeta itatosha. Mafuta huachwa mwisho, kana kwamba ukitoa petroli ukamimina dizeli basi yamekwisha. Hapo ndipo uulize habari za riteni.

Riteni ni njia ya dizeli kurudi tangini. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huchukua petroli inayohitaji tu, na karibu yote huishia kuchomwa. Pampu ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko yatakayochomwa. Yanayozidi hulainisha vyuma vya ndani ya pampu, huondoa joto, hubeba viputo vya hewa, kisha hurudi yalikotoka. Nozeli, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, nazo hupitisha matone kidogo kwa juu. Huo si ubovu: sindano ya ndani hucheza chini ya shinikizo linalopita bar 100, na dizeli ndiyo girisi yake. Matone hayo hukusanywa na vimpira vyembamba na kuungana na safari hiyo ya kurudi.

Nililijua hili kwa hasara. Gereji moja hapa Malindi ilinitilia injini ya dizeli, nikaona mpira mmoja umezibwa kwa bolti na klipu. Nikauliza, "Fundi, huu waenda wapi?" Akanijibu, "Huo hauna kazi, ami." Kesho yake nikapakia barafu kupeleka Ngomeni. Nimevuka daraja la Sabaki, sijafika Mambrui, gari likaanza kukohoa na harufu ya dizeli ikajaa ndani. Mafuta yalikosa pa kwenda, shinikizo likapanda ndani ya pampu, sili ya shafti, inayozuia mafuta yasivuje kwenye mhimili wa pampu, ikashindwa. Barafu iliyofika Ngomeni, tuseme ilikuwa maji baridi.

Baadhi ya pikapu za petroli huja na mpira wa kurudisha tangu kiwandani. Waweza kuutumia ikiwa njia yake ni pana na safi. Uvuliwe, upulizwe, usikie hewa ikitoka tangini bila kukazana. Usiuchanganye na mpira wa mvuke unaokwenda kwenye kopo la makaa, lile linalonasa mvuke wa petroli. Kama gari halina, tangi litobolewe mdomo wa pili. Tangi lishushwe na kuoshwa kwanza, maana hata likiwa tupu mvuke wa petroli hulipuka, na hapa si pa mtu wa kulehemu kwa haraka. Dizeli inayorudi isimwagike karibu na mpira unaovuta, ama viputo vitanyonywa tena na injini itatetemeka bila sababu ya kuonekana.

Pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi la gari la petroli itolewe. Haikuundwa kwa dizeli, na ikifa humo huziba njia.

Tangi lenyewe nalo liangaliwe. Lililokaa na petroli miaka mingi lina kutu na utando chini, na uchafu huo hubanduka ukaenda kwenye filta. Wapo wanaotengeneza tangi jipya kwa bati la zinki kwa sababu halishiki kutu haraka kwa hewa yetu ya chumvi. Wazo zuri kwa paa, baya kwa dizeli: zinki huungana nayo ikazaa kitu kama sabuni kinachoziba filta na nozeli. Paipu za shaba pia ziepukwe, huiharibu dizeli ikafanya ulimbo.

Halafu maji. Unyevu wa pwani hugeuka matone ndani ya tangi lisilojaa, nayo huzama chini ya dizeli. Filta iwe ile yenye bakuli la kutenga maji na koki ya kuyafungulia. Yangu huifungulia kila Jumamosi asubuhi kwenye kikopo, na mara nyingi hutoka kama kijiko cha chai.

Kifuniko cha tangi nimekiandika DIZELI kwa rangi nyekundu. Vijana wa sheli wanaijua pikapu ile tangu ikinywa petroli, na mkono hutangulia. Petroli haina ulaini wa kuihifadhi pampu, na pampu nimeshanunua moja.