Mzee amebadilika tangu juzi: kabla hujasema ni dimensia

Familia inapomleta mzee ikaniambia "daktari, ameanza kuchanganyikiwa", siulizi kwanza anasahau nini. Nauliza: lini mara ya mwisho alikuwa yeye mwenyewe? Nikijibiwa kwamba tangu mwaka juzi amekuwa akirudia maneno na kupotea njia kidogo kidogo, nafikiria dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Nikijibiwa kwamba Jumapili alikuwa mzima na Jumanne usiku akaanza kuzungumza na watu ambao hawapo, habari ya kumbukumbu naiweka kando, naanza kutafuta ugonjwa mwilini. Siku hiyo hiyo.

Mimi ni daktari wa afya ya akili kwa wazee, na hakuna kosa linaloniumiza kama hili la kumwona mtu amebadilika ndani ya siku mbili na wote wanaomzunguka wakasema "ni uzee tu". Dimensia nyingi, ukiwemo ugonjwa wa Alzheimer ambao peke yake huchukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote, huingia taratibu kwa miezi na miaka. Ubongo uliobadilika kwa saa au siku umepatwa na jambo jingine, na mara nyingi jambo hilo linatibika likiwahiwa.

Hali hiyo kitabibu tunaiita deliriamu. Ni ubongo kushindwa kufanya kazi yake kwa ghafla kwa sababu mwili umeelemewa: maambukizi, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, chumvi ya damu iliyovurugika, upasuaji, au dawa. Mwaka 1990 daktari wa Marekani Sharon Inouye na wenzake walichapisha njia ya kuitambua ambayo tunaitumia mpaka leo. Inatazama mambo manne. Je, mabadiliko yameanza ghafla na yanapanda na kushuka? Je, umakini umepotea? Je, mazungumzo hayana mpangilio? Na je, mgonjwa yuko macho kupita kiasi, au amelala lala? Mawili ya kwanza lazima yawepo yote, pamoja na mojawapo kati ya mawili yaliyobaki.

Umakini ndio ninaoutazama kwa karibu zaidi, na hauhitaji mashine yoyote. Namwambia: "Mzee, nitajie miezi ya mwaka kurudi nyuma, uanzie Desemba." Mtu mwenye dimensia ya awali huenda akakwama, akarudia mwezi, akachelewa, lakini unamwona anapambana na swali. Mwenye deliriamu huanza vizuri: "Desemba, Novemba, Oktoba…" kisha macho yanahama. Anashika uzi wa shuka, anauvuta, anauzungusha kidoleni. Ukimwita anakutazama kana kwamba ndiyo kwanza umeingia chumbani; swali limeshamtoka kabisa. Ukirudi baada ya saa mbili unaweza kumkuta anakujibu barabara, ukadhani familia inatia chumvi. Haitii chumvi. Kupanda na kushuka huko ndiyo sura yenyewe ya ugonjwa, na ndiyo maana maneno ya aliyekesha naye usiku yana uzito kuliko dakika tano zangu za asubuhi.

Watu wengi wanamfahamu mgonjwa wa deliriamu anayepiga kelele, anayeng'oa mpira wa dripu, anayetaka kwenda nyumbani saa nane za usiku. Huyo haachi kuonekana. Ninayemhofia ni yule wa kimya. Amelala mchana kutwa, hali chakula, hasumbui mtu, akiulizwa anaitikia "mm" na kufumba macho. Wodini husifiwa kwamba ni mtulivu. Nyumbani husemwa amechoka, mwacheni apumzike. Aina hii ya kimya hupitwa mara nyingi zaidi kuliko ile ya fujo, na hupitwa mpaka homa ya mapafu (nimonia) iliyoianzisha imekomaa. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila joto kupanda na bila kikohozi cha kueleweka. Badiliko la akili likawa ndiyo dalili pekee iliyojitokeza.

Kuhusu visababishi, nitasema mawili ninayoona yanahitaji kusemwa kwa nguvu.

La kwanza ni dawa. Dawa za usingizi na za wasiwasi za jamii ya diazepamu, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, amitriptilini, dawa nyingi za kulegeza kibofu, na zile dawa za zamani za mzio na mafua zinazoleta usingizi, kama difenhidramini na klorofenamini: zote zinaweza kuutikisa ubongo wa mzee. Baadhi zinauzwa bila cheti cha daktari, kwa hiyo familia haizihesabu kuwa ni dawa. Ndiyo maana naomba niletewe mfuko mzima, pamoja na za macho, za mafua na za kienyeji. Lakini usiamue mwenyewe kumkatizia mzee dawa ya usingizi aliyoitumia kwa miaka. Kuacha ghafla dawa za jamii ya diazepamu, au pombe kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku, huleta deliriamu ya aina yake yenye degedege, na inaweza kuua.

La pili ni mkojo. Imekuwa desturi kwamba mzee akichanganyikiwa hupimwa mkojo, bakteria wakaonekana, akapewa antibiotiki, kazi ikaisha. Tatizo ni kwamba wazee wengi huwa na bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kweli kuwa chanzo, ila ukisimama hapo bila kutazama mengine unaweza kumwacha mtu na kibofu kilichojaa na kuziba, choo kigumu cha wiki nzima, sodiamu iliyoshuka, au damu iliyovia ndani ya fuvu baada ya kuanguka ambako hakuna aliyekumbuka kukutaja. Na uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikatika ghafla, hicho kichukulie kuwa kiharusi, usingoje asubuhi.

Sasa matibabu. Kwa miaka mingi jibu la hospitali kwa mgonjwa wa deliriamu lilikuwa sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza akili iliyovurugika. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 566 wa vyumba vya uangalizi maalumu. Wengine walipewa haloperidoli, wengine ziprasidoni ya jamii hiyo hiyo, wengine dawa ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake. Siku walizokaa hai bila deliriamu wala kupoteza fahamu hazikutofautiana. Hatusemi dawa hizi zisiguswe kabisa: mgonjwa akiwa hatarini kujiumiza au kuumiza wengine na njia nyingine zimeshindikana, kipimo kidogo kwa muda mfupi kina nafasi yake. Lakini haziponyi deliriamu, na kwa mwenye dimensia ya miili ya Lewy (aina inayotokana na vibonge vya protini ndani ya seli za ubongo), au ugonjwa wa Parkinson, haloperidoli inaweza kumkakamaza mwili vibaya sana.

Kinachosaidia ni mambo ambayo mtu akiyasikia huyaona madogo mno kuitwa tiba. Mwaka 1999 Inouye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilikumbushwa siku na mahali, lilitembezwa mapema, lilinyweshwa maji, lilivalishwa miwani na vifaa vya kusikia, na usiku badala ya vidonge vya usingizi lilipewa kinywaji cha moto, kukandwa mgongo na muziki wa taratibu. Deliriamu ilitokea kwa asilimia 15.0 ya kundi la kawaida na asilimia 9.9 ya kundi la pili. Hakuna kidonge ninachokijua kilichoonyesha faida hiyo kwa uthabiti, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mwana wa mgonjwa hawezi kulifanya.

Kwa hiyo, ukiwa na mzee wako wodini, mpelekee miwani yake na meno yake ya bandia. Fungua pazia asubuhi. Akae kitini akiweza. Siku za kulala chali ni sumu kwake. Mnyweshe maji kidogo kidogo kama daktari hajakataza. Akikuambia mama yake marehemu amesimama mlangoni, usibishane naye wala usimkubalie uongo; mwambie wewe ni nani, mko wapi, na kwamba yuko salama. Omba asifungwe mikono. Na usione haya kumwambia muuguzi, "Huyu si yeye, baba yangu hayuko hivi." Tangu mwaka 2010 kuna kipimo chenye swali moja tu, na swali lenyewe huulizwa ndugu au rafiki: je, unaona siku hizi amechanganyikiwa zaidi? Jibu lako ni kipimo cha kitabibu kwa maana kamili.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo huiga dimensia, na nitaigusa kwa ufupi. Mzee mwenye sonona nzito hujibu "sijui, niache" hata kabla hajajaribu, hulalamika sana kwamba kumbukumbu yake imeharibika, hali chakula wala halali usingizi vizuri, na vilivyokuwa vikimfurahisha havimvuti tena. Mwenye Alzheimer mara nyingi halalamiki. Wanaolalamika ni wa nyumbani kwake. Tofauti hizi si sheria. Sonona inayoanza uzeeni inaweza pia kuwa mlango wa dimensia, kwa hiyo tunaitibu kisha tunaendelea kumfuatilia. Mzee akisema maisha hayana maana au bora afe, usiyapuuze maneno hayo kwa sababu ya umri wake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na umtafutie msaada siku hiyo. Swali hilo halimpandikizii wazo.

Huenda unajiuliza: basi deliriamu ikipita, yamekwisha? Wengi hurudi kwenye hali yao ndani ya siku au wiki chache, wengine huchukua miezi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka hospitali za Australia ulilinganisha jozi zaidi ya 55,000 za wagonjwa wazee wasiokuwa na dimensia, ukakuta waliopata deliriamu walikuwa na hatari ya kuja kupata dimensia mara tatu hivi ya wenzao, na kila tukio la ziada liliongeza hatari kwa takriban asilimia 20. Bado tunabishana kama deliriamu huuharibu ubongo au huufichua ubongo ambao tayari ulikuwa unadhoofika. Mimi naamini yote mawili yanatokea, na kwa vyovyote vile kuizuia ni faida.

Kwa sababu hiyo simpimi mtu kumbukumbu akiwa bado ndani ya deliriamu. Matokeo yatakuwa mabaya na yatamfuata kwenye faili maisha yake yote. Nasubiri miezi mitatu hivi, ndipo nampima kwa utulivu, na kabla ya kutamka dimensia naangalia vitamini B12, tezi ya shingo, usikivu wa masikio na sonona. Siku hizi kuna vipimo vya damu vinavyotafuta aina ya tau, protini ya ubongo, iitwayo p-tau217, na ni hatua kubwa kweli katika kuutambua ugonjwa wa Alzheimer. Ila kipimo hicho hakikwambii kwa nini mtu amebadilika tangu juzi.

Kabla mzee hajaruhusiwa, omba iandikwe wazi kwenye karatasi yake ya kutoka kwamba alipata deliriamu, chanzo kilikuwa nini, na dawa gani iliondolewa ili isije ikarudishwa kwa bahati mbaya. Akipangiwa upasuaji mwingine, hata wa jicho au nyonga, mwambie daktari wa nusukaputi mapema. Atachagua dawa tofauti, na wauguzi wataanza kumkinga kabla hajaingia chumba cha upasuaji.