Dawa za sonona na hofu ya kunenepa
Eti ukianza dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) lazima unenepe. Si kweli, ingawa uvumi huu haukuzuka hivi hivi: miongoni mwa dawa hizi, mirtazapini huamsha njaa kwelikweli, na paroksetini huwaongezea baadhi ya watu kilo. Lakini bupropioni kwa kawaida haiongezi, na fluoksetini huweza hata kupunguza uzito kidogo katika miezi ya mwanzo.

Tena sonona yenyewe huwaondolea wengi hamu ya kula. Aliyekonda akianza kupata nafuu, sahani inamalizika, lawama zinaangukia kidonge! Na karatasi ya ndani ya boksi ikisema athari “hutokea mara nyingi”, kwa vipimo vya Ulaya ni watu 1 hadi 10 kati ya 100, si kila mtu.

Uzito ukipanda, zungumza na daktari kuhusu kubadilisha dawa. Usiiache ghafla, kizunguzungu na kukosa usingizi vinaweza kukuandama.