Gobori la geji ndogo: yanayosemwa juu ya kipimo chake na yalivyo

Neno gobori likitajwa kwetu, wengi hukumbuka bunduki kuukuu ya babu au taarifa ya polisi kuhusu ujangili. Huko Marekani, hata hivyo, kupiga bunduki za namna hii, zinazoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ni mchezo wenye wapenzi wengi, na chama chao kikuu, National Muzzle Loading Rifle Association, kimekuwapo tangu 1933, mashindano yake yakifanyika katika kijiji cha Friendship, jimboni Indiana. Miongoni mwa bunduki zao kuna zile za mtutu laini usio na mifereji ndani, za geji ndogo (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) kama 20, 24, 28 na 32, ambazo huwindia ndege na sungura kwa marisaa, yaani chembe ndogo za risasi. Bunduki hizi haziji na kiasi kilichokwisha kufungwa kiwandani. Mwenye bunduki, akiwa ndani ya mipaka iliyowekwa na aliyeiunda, hutafuta mwenyewe uwiano wa baruti, kizibo kinachoitenga na marisaa, na marisaa yenyewe, unaokubaliwa na mtutu wake, na katika kutafuta huko ndimo dhana nyingi potofu zinamoingilia.

Ya kwanza ni ndogo lakini huvuruga hesabu zote, nayo ni kudhani kwamba geji 28 ni kubwa kuliko geji 20. Mambo ni kinyume chake. Geji ni idadi ya vigololi vya risasi, kila kimoja kikiwa na upana wa mtutu, vinavyotimiza ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Kwa hiyo kadiri namba inavyopanda ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba. Geji 20 ina upana wa milimita 15.6, na geji 28 ina milimita 14. Ile inayoitwa 410 si geji hata kidogo: ni upana wenyewe, inchi 0.410, na ingehesabiwa kwa geji ingekuwa karibu na 67.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba baruti ikiongezwa, bunduki hupiga mbali zaidi na kuua vizuri zaidi. Ni kweli kwamba kipimo kikubwa cha baruti huongeza mwendo wa marisaa yanapotoka mdomoni. Lakini chembe ndogo ya mviringo hushikwa na hewa mara moja, na kadiri inavyotoka kwa kasi ndivyo hewa inavyoizuia kwa nguvu zaidi, hata sehemu kubwa ya faida ile ikawa imepotea kabla ya kufika mita 30. Kinachobaki ni teke begani, masizi mengi mtutuni, na marisaa yaliyotawanyika. Msukumo mkali huyabonyeza marisaa ya chini dhidi ya yaliyo juu yake, na chembe iliyobapa haiendi moja kwa moja. Isitoshe, hewa ya moto inayokifuata kizibo inaweza kupenya katikati ya marisaa na kuyafungua kama mwavuli.

Anayetaka kuliona hili kwa macho yake atundike karatasi pana ya mita moja na zaidi kila upande, asimame umbali wa mita 23 hivi, apige, kisha achore duara la sentimita 76 pale palipo na matundu mengi zaidi na kuyahesabu. Tuseme ameshindilia gramu 18 za marisaa ya namba 6 ya Kimarekani, ambayo ni kama chembe 140. Karatasi ya kipimo kilichozidi mara nyingi huwa na pengo katikati, mahali ambapo kanga mzima angeweza kupita bila kuguswa, huku kingo zikiwa zimejaa matundu. Akipunguza baruti kidogo, bila kubadilisha kitu kingine chochote, pengo huanza kuzibika. Karatasi moja haitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa bunduki ileile yenye kipimo kilekile haitoi picha mbili zinazofanana. Tatu ni chache, tano zinaridhisha. Kwa maoni yangu, wengi wanaolalamikia bunduki zao hawajawahi kutoboa hata karatasi mbili.

Kanuni ya wazee wa kazi hii ilikuwa kutumia kibaba kimoja kwa vyote viwili, baruti na marisaa, ili ujazo ulingane ingawa uzito hutofautiana sana: ujazo wa gramu 18 za marisaa hujaa kwa baruti nyeusi isiyofika gramu 3. Hiyo ni nusu ya safari, si mwisho wake. Mitutu mingi myembamba hupendelea baruti ipungue kidogo chini ya usawa huo.

Kosa la upande wa pili ni kutaka geji 28 ibebe mzigo wa geji 12 kwa kuijaza marisaa. Katika mtutu mwembamba, marisaa mengi husimama kama mnara, yale ya pembeni hukwaruzwa na ukuta njia nzima, yale ya chini hupondwa, na mwindaji huishia na chembe nyingi zaidi mtutuni lakini chache zaidi kwenye duara. Vizibo navyo hudhaniwa kuwa takataka yoyote ya kujazia nafasi. Ukweli ni kwamba kadi nzito inayokaa juu ya marisaa inaweza kuyasukuma pembeni mara yanapotoka, na mara nyingi kuibadilisha kwa kadi nyembamba kumetengeneza karatasi iliyokuwa imeshindikana.

Kuna usemi mmoja ambao haustahili mjadala mrefu, kwamba baruti ya kisasa isiyotoa moshi inafaa alimradi itiwe kidogo. Haifai hata chembe. Tangu Mfaransa Paul Vieille alipoibuni mwaka 1884, baruti hiyo imeundiwa silaha za namna nyingine, na shinikizo lake linaweza kuupasua mtutu wa gobori mbele ya uso wa mpigaji. Wala baruti nyeusi isidharauliwe kwa kuitwa dhaifu, kwani cheche moja tu inatosha kuiwasha. Ndiyo maana haimiminwi mtutuni kutoka kwenye pembe au chupa yenyewe ya kuhifadhia: kaa dogo lililobaki ndani linaweza kuwasha akiba yote mkononi. Huwekwa kwanza katika kibaba.

Wengine husadiki kwamba nafasi kidogo kati ya baruti na kizibo haina neno. Nafasi hiyo imeshavimbisha na kupasua mitutu mingi. Dawa yake ni alama iliyochongwa kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia: kizibo na marisaa vikishafika chini kabisa, alama hukaa sawa na mdomo wa mtutu, na isipofika hapo bunduki haipigwi. Kwa bunduki ya mitutu miwili, mdeki huu una kazi ya ziada, kwa sababu teke la mtutu wa kwanza linaweza kuusogeza mzigo wa mtutu wa pili.

Juu ya urefu wa mtutu kuna hadithi tamu ya Kanada, kwamba Hudson's Bay Company, kampuni iliyonunua manyoya kwa wenyeji, ilirefusha bunduki zake, nyingi zikiwa za geji 24, ili wenyeji wazilipie kwa ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, zilizopangwa hadi kimo cha bunduki. Lakini bei iliwekwa kwa idadi ya ngozi, si kwa kimo, na bunduki hizo ziliuzwa kwa urefu tofauti. Huku kwetu husemwa kwamba gobori lilidumu kwa kuwa watu hawakujua silaha bora. Wanasahau Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao uliwekea vizuizi silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango kwa bunduki za gumegume, ziwashwazo kwa cheche ya jiwe, zisizo na mifereji. Leo Tanzania na Kenya zote mbili hulihesabu gobori kuwa silaha inayohitaji kibali.

Mwisho ni usafi. Wapo wanaomwaga mafuta mtutuni na kuona kazi imekwisha, ilhali zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki baada ya kuungua kama chumvi na masizi, na chumvi hiyo huyeyuka katika maji, si katika mafuta ya petroli. Hivyo bunduki huoshwa jioni ileile kwa maji ya moto. Yale ya kwanza hutoka meusi, yakinuka yai viza, na humwagwa na kubadilishwa mpaka yatoke maangavu, ndipo mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta. Asubuhi kitambaa cheupe hupitishwa tena ndani, na kikitoka na rangi ya kahawia ya kutu, maji huinjikwa upya.