Ati saratani ya titi huoteshwa kama mche? Maswali ya kina mama wa Pemba

Wifi yangu alipotolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, kwenye titi, jirani mmoja alileta habari barazani kwamba ziko maabara ambamo saratani ya mtu huoteshwa ikaishi miaka na miaka. Mimi nimewahi kufanya kazi maabara, basi maswali yote yakaniangukia. Haya ndiyo yaliyorudi mara kwa mara.

Mwanangu, saratani inaweza kuishi nje ya mtu?

Inaweza, bibi. Seli za titi mashuhuri kuliko zote zinaitwa MCF-7. Zilioteshwa Detroit, Marekani, na habari zake zikachapishwa mwaka 1973. Hazikutoka kwenye titi lenyewe. Zilitoka kwenye maji yaliyojaa kando ya pafu la mgonjwa ambaye saratani yake ilikuwa imeshasambaa. Yeye alifariki zamani, lakini seli zake hadi leo zimo katika maabara za dunia nzima. Herufi tatu ni za taasisi iliyoziotesha, na ile saba inasimuliwa kuwa ni hesabu ya majaribio.

Zinaoteshwaje?

Wapemba hili mtalielewa upesi. Mbegu ya mkarafuu huiweki kabatini ukaja kuipanda mwakani, itakuwa imeshakufa. Yataka ipandwe mbichi, kwenye kivuli na udongo wenye unyevu, na hata hivyo miche mingine hufa. Seli za uvimbe ni hivyo hivyo, tena zina deko zaidi. Kinyama kikitoka chumba cha upasuaji hutiwa kwenye maji maalumu ya baridi na kufikishwa maabara ndani ya saa chache. Hukatwakatwa vipande vidogo mno, kisha hutiwa kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zilizoshikanisha seli. Baada ya hapo seli hulazwa kwenye chombo chenye chakula: sukari, chumvichumvi, vitamini, na mara nyingi majimaji ya damu ya ndama. Kabati linalozihifadhi lina joto la nyuzi 37, kama mwili, na hewa yake huongezwa kabonidayoksaidi asilimia 5.

Taabu kubwa ni magugu. Ndani ya uvimbe hamna seli za saratani peke yake, zimo na seli za kawaida za nyama inayoshikilia titi. Hizo hukua haraka, na usipokuwa macho, baada ya wiki kadhaa unajikuta umepalilia magugu na mche umekufa. Kwa miaka mingi vinyama vingi vilivyopandwa havikuota. Siku hizi wapo wanaozilaza seli ndani ya ute mzito, zikajikusanya kuwa vidonge vidogo vinavyofanana na uvimbe zilikotoka. Watafiti wa Uholanzi walieleza mwaka 2018 kwamba wamepata zaidi ya aina 100 za vidonge hivyo kutoka kwa wagonjwa wa saratani ya titi.

Basi na kinyama cha wifi yako kinaendelea kukua huko kilikopelekwa?

Hapana. Hili ndilo lililomnyima usingizi mama mkwe. Kinyama cha uchunguzi hutiwa kwenye formalini, na formalini huua kila seli na kuigandisha pale pale ilipo ili isioze. Kisha hukatwa utandu mwembamba, hupakwa rangi na kuangaliwa kwa darubini. Hakuna wa kukiotesha tena, hata angetaka.

Wanaotesha maradhi ya nini? Si watafute dawa!

Ndiyo hiyo dawa inavyotafutwa. Kwenye MCF-7 ilionekana wazi kwamba baadhi ya saratani za titi hulishwa na homoni ya estrojeni, na kwamba dawa iitwayo tamoksifeni huziba mlango ule wa kulia.

Lakini maabara nayo ina vituko vyake. Chakula cha seli hutiwa rangi nyekundu inayogeuka manjano kikichacha. Mwaka 1986 ikagundulika rangi ile yenyewe hufanya kazi kidogo kama estrojeni. Kumbe seli zilizodhaniwa zimefungishwa homoni zilikuwa zinafuturu kwa siri! Na kuna seli zinazoitwa MDA-MB-435, zilizotumiwa miaka mingi kama za titi, vipimo vya vinasaba vikaja kuonyesha ni za saratani ya ngozi.

Dosari nyengine yatuhusu sisi. Seli nyingi zinazotumika zimetoka kwa wanawake wenye asili ya Ulaya. Kwetu Afrika, saratani zisizolishwa na homoni huonekana kwa kiwango kikubwa zaidi. Ndiyo maana siku mtafiti akija kwa adabu zake kuomba kinyama, mimi sitasema afukuzwe.

Adabu gani?

Akueleze kwa Kiswahili anachukua nini na kinakwenda wapi, akuonyeshe kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha akuache ukafikiri. Ukikataa, matibabu yako yabaki vile vile. Henrietta Lacks wa Marekani alichukuliwa seli za saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1951 bila kuulizwa, na familia yake ikakaa zaidi ya miaka 20 haijui. Ama kuhusu kinyama kilichobaki kuzikwa au kutozikwa, hilo muulizeni sheikh, si langu.

Wanaozishika hawaambukizwi?

Saratani ya titi haiambukizi. Glavu wanavaa kwa sababu damu yoyote yaweza kuwa na virusi, kama vya homa ya ini.

Nikienda, wataziotesha zangu wanipimie dawa?

Kwa sasa hiyo ni kazi ya watafiti, si huduma ya kila mgonjwa. Dawa yako huchaguliwa kwa vipimo vinavyofanywa kwenye kile kile kinyama kilichokufa: vipokezi (ile milango ya kulia) vya homoni za estrojeni na projesteroni, na HER2, protini ya juu ya seli inayoihimiza ikue. Kwa hiyo usimwache daktari mpaka ujue hayo matatu. Wagonjwa wengi wa huku huvuka hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Karatasi ya majibu isafiri nawe mkobani, na nakala ibaki nyumbani. Wifi yangu yake ameifunga kwenye kipande cha plastiki, chini ya khanga, na boti ni Jumatatu.