Kwa nini unaandika mhadhara mzima na bado hukumbuki kitu?

Umetoka kwenye mhadhara, vidole vinauma, umejaza kurasa sita. Jioni unafungua daftari: mwandiko ni wako, lakini maneno ni kama ya mtu mwingine. Ulikuwa wapi wakati unayaandika?

Kisa ni mwendo. Mhadhiri akizungumza kwa kasi ya kawaida hutamka maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika. Mkono wenye kalamu, hata ukimbie vipi, huambulia 20 au 30. Anayetaka kunasa kila neno hulazimika kuishikilia sentensi iliyopita kichwani mpaka mkono uimalize, na inayofuata inampita. Kichwa nacho hakibebi mengi kwa wakati mmoja: mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria vitu kama saba, na waliomfuata wamepunguza hadi vinne hivi.

Basi tuchape kwa kompyuta? Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer waliwalinganisha wanafunzi wa Marekani. Waliochapa walipata maneno mengi zaidi, mengi yakiwa ya mhadhiri mwenyewe, ila kwenye maswali ya kuelewa walizidiwa na wenye kalamu. Majaribio ya baadaye hayakukuta pengo kubwa namna hiyo, kwa hiyo mimi sitamwambia mtu atupe kompyuta yake. Ila kunakili neno kwa neno ni kazi ambayo hata mtu asiyeelewa somo anaiweza.

Chukua mfano. Mhadhiri anasema: “Sasa, hewa yenye mvuke inapopanda juu hupoa, na ikishapoa vya kutosha ule mvuke hugeuka matone madogo sana, na hayo matone ndiyo tunayoyaona kama mawingu.” Mwenye kunakili bado yuko kwenye “inapopanda”. Mwenye kusikiliza ameandika:

hewa + mvuke ↑ → hupoa → matone → wingu

Maneno matano na mishale, lakini ili kuchora mishale ile ilibidi aelewe kipi kinasababisha kipi.

Sikio nalo lina kazi yake. “Kwa hiyo”, “tofauti na”, “tatizo ni kwamba”: maneno haya yanaonyesha hoja inakoelekea. Ukisikia “kuna sababu tatu”, andika 1, 2, 3 papo hapo na uache nafasi. Ya pili ikikuponyoka, weka alama ya kuuliza usonge mbele. Ukimgeukia jirani, mtaikosa ya tatu wote wawili.

Halafu usilaze daftari wiki nzima. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huwa mkali zaidi mwanzoni, saa chache tu baada ya kujifunza. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alifundisha njia rahisi: acha safu nyembamba kushoto mwa ukurasa, na baada ya mhadhara ujaze maswali humo. Kisha funika noti, ujijibu.

Pembeni mwa ule mstari wa wingu mimi ningeandika: “Kwa nini hewa ikipanda hupoa?” Jaribu kujibu. Ukifunua utakuta hata daftari halina jibu. Linasema hupoa, halisemi kwa nini. Swali hilo nenda nalo kwa mhadhiri kesho.